Fedha za ukame zitoke mnyama akiwa bado na nyama mgongoni: barua ya wazi kwa viongozi wa kaunti za wafugaji

Waheshimiwa magavana wa Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa na Tana River. Waheshimiwa mawaziri wa fedha na wa mifugo wa kaunti hizo. Waheshimiwa wawakilishi wadi,

Ninaandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida huandikiwa barua likishaharibika. Mvua zikikatika misimu miwili, mizoga ikianza kulala kando ya barabara na wapiga picha wakifika kutoka Nairobi, kila mtu huwa na la kusema kuhusu njaa ya wafugaji. Mimi naomba tuzungumzie miezi inayotangulia hapo: miezi ambayo silanga zina maji, watoto wanakunywa maziwa asubuhi na jioni, na ukame haumo katika ajenda ya kikao chochote cha kaunti. Ombi langu ni moja. Kila kaunti itenge fedha za ukame ndani ya bajeti yake yenyewe, iandike mapema ni dalili zipi zitakazozifungua na zitafanya kazi gani, kisha izitoe dalili hizo zinapoonekana, bila kungoja mtu yeyote atangaze janga.

Mnayakumbuka yaliyopita, maana mwezi Agosti 2022 mgombea yeyote aliyepita katika kaunti hizi kuomba kura alikanyaga vumbi la ukame. Vuli ya 2020 ilikuwa haba. Masika ya 2021 yakashindwa, ikafuata vuli ya 2021, kisha masika ya 2022, kisha vuli ya 2022. Ilikuwa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka 40. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, wakati misimu miwili ilikuwa imekwisha kupotea. Mwanzoni mwa 2023 Wakenya wapatao milioni 4.4 katika maeneo kame walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2.4 ilikuwa imekufa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoupima ukame huo mwaka 2023, walikuta kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yameongeza uwezekano wa kutokea kwake angalau mara 100. Joto lilipozidi, unyevu uliobaki ardhini ulikauka haraka, na hata manyunyu machache yaliyonyesha hayakuotesha nyasi za kutosha.

Hapo ndipo naomba tuanzie. Ikiwa hali ya namna hii itarudi mara nyingi kuliko zamani, kuiita dharura kila inaporudi ni kukwepa kazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini inataka fedha hizo zitumike kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutazamiwa. Ukame wetu hutazamiwa miezi mingi kabla. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame. Katika taarifa hiyo mna hali ya mimea inavyoonekana kwa setilaiti, umbali wa kwenda majini, kiasi cha maziwa kinachokamwa nyumbani, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, na mzunguko wa mkono wa mtoto mdogo. Kisha kaunti huwekwa katika hatua yake: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Taarifa hizo zinasomwa katika vikao vyenu vya uratibu. Mara nyingi kinachokosekana baada ya kusomwa ni hati ya malipo.

Wenzetu wa Somalia walilipa gharama ya kungoja kwa namna ambayo haifai kusahaulika. Tahadhari zilianza kutolewa mwaka 2010. Baa la njaa lilitangazwa rasmi Julai 2011, na ndipo misaada mikubwa ikaanza kumiminika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya tangazo hilo. Vita vilichangia pakubwa, najua. Hata hivyo habari ilikuwepo mezani kwa miezi mingi, na fedha hazikutembea nayo.

Tutazame sasa kalenda, kwa sababu kalenda ya fedha na kalenda ya malisho hazijawahi kupatana katika kaunti zetu. Masika huisha Mei. Mfugaji anajua kufikia Juni kama nyasi zitamfikisha Oktoba. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza Julai 1, na katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba kaunti huwa na bajeti mpya kwenye karatasi huku ikingoja mgao kutoka Nairobi. Hiyo ndiyo miezi ambayo ng'ombe wa Marsabit bado ana nguvu za kupanda lori na kufika sokoni akiwa na uzito wa maana. Fedha zikifika Novemba, anakuwa amekonda. Zikifika Februari, kaunti inanunua mifupa na kulipia malori ya maji. Mchana uleule wa Juni ambao mfugaji anaamua ahamie wapi, ofisi ya kaunti inakimbizana na kufunga hesabu za mwaka, na fedha ambazo hazijatumika zinarudi kwenye mfuko mkuu. Kwa hiyo kifungu cha ukame kisicho na hazina yake iliyoanzishwa kwa sheria ya kaunti, yenye ruhusa ya kubaki na salio mwaka hadi mwaka, kitakuwa kinakufa kila Juni 30, hata kama nia ni njema.

Kila ukame, maafisa husimama kwenye baraza na kuwahimiza wafugaji wauze mapema. Nimeyasikia mahimizo hayo tangu utotoni. Yanasemwa kana kwamba mfugaji hajui hesabu, na jambo hilo linaniumiza, kwa sababu hesabu yake ni nzito kuliko tunavyodhani. Dume na maksai atawauza bila shida akipata bei. Jike ndiye mwaka wa kesho. Akimuuza leo kwa bei ya kutupwa, mvua zikirudi atamtafuta kwa bei ya juu, kwa kuwa kila boma litakuwa linatafuta majike. Fedha taslimu katika manyatta zina ndugu wengi: mgonjwa, karo, harusi, mkwe aliyepoteza kundi lake. Ng'ombe akiuzwa, hatakamuliwa wala kukopeshwa kwa jamaa, na ukoo hautakuwa na cha kumsaidia nacho mwenzao. Anayesita kuuza anapima hatari mbili, na mara nyingi anachagua vizuri kulingana na bei iliyopo mbele yake.

Basi kazi ya kaunti ni kuifanya bei iliyopo mbele yake iwe nzuri. Jambo hili limewahi kufanyika karibu na sisi. Mwaka 2006, upande wa Ethiopia katika nchi ya Waborana karibu na Moyale, wafanyabiashara wawili wa mifugo walipewa mikopo ya dola 25,000 kila mmoja na wakaonyeshwa mahali wanyama walipo. Biashara iliyofuata, kwa fedha zao wenyewe kwa sehemu kubwa, ilinunua ng'ombe wapatao 20,000 kwa jumla ya dola milioni moja hivi. Hakuna serikali iliyonunua ng'ombe hao. Kilichohitajika kilikuwa mkopo wa kuanzia, barabara inayopitika, na watu kukutanishwa mapema. Familia zilizouza zilinunua chakula, zikalipia lori la kuwahamisha waliobaki, zikanunua dawa na majani.

Linganisheni na desturi yetu. Mifugo inaposhindwa kusimama, serikali hutuma fedha za kuinunua na kuichinja, au kiwanda cha nyama cha KMC kule Athi River kinaombwa kipokee wanyama waliosafirishwa mamia ya kilomita wakiwa hoi. Sisemi msaada huo ukome. Nyama ikigawiwa shuleni na kwa familia zenye njaa inafaa sana, na mfugaji anapata chochote badala ya mzoga. Nasema ni msaada wa mwisho, na sisi tumeufanya wa kwanza. Fedha zilezile zikitoka Julai zinaweza kuwa mkopo wa muda mfupi kwa wanunuzi wa Garissa, Merille na Isiolo, ruzuku ya mafuta ya lori la kutoka wadi za mbali, au matengenezo ya sehemu mbili tatu za barabara ambazo kila mwenye lori anazijua na kuziogopa. Na chanjo. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, soko linafungwa kwa karantini wakati uleule ambao mfugaji anahitaji kuuza. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo humaliza wanyama waliodhoofika. Chanjo hutolewa mnyama akiwa na afya. Akishakonda, kinga yake haiwi ile inayotarajiwa.

Nikiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye maziwa ya watoto. Mnajua jinsi kundi linavyogawanyika. Kiangazi kikikaza, vijana huondoka na wanyama wengi kwenda fora, yaani kambi za malisho ya mbali, siku nyingi za mwendo kutoka nyumbani. Manyatta wanabaki akina mama, wazee, watoto, na wanyama wachache wa maziwa. Hao wachache ndio wanaokosa majani kwanza, kwa sababu malisho ya karibu na makazi huisha mapema. Maziwa yakikatika, mtoto wa miaka miwili anaanza kula uji mtupu mara moja au mbili kwa siku. Utapiamlo unaoandikwa hospitalini Januari ulianza kwenye kibuyu kilichokauka Septemba. Watafiti waliofanya kazi katika Jimbo la Wasomali nchini Ethiopia waliliangalia jambo hili kwa karibu: familia zilipopewa lishe na matibabu kwa ajili ya wanyama wachache tu waliobaki nyumbani, watoto waliendelea kunywa maziwa kipindi chote kigumu, na afya yao haikudidimia kama ya watoto wa jirani.

Maana ya hilo kwa bajeti ni kubwa. Kaunti haiwezi kulisha kundi zima, na ikijaribu inagawa robota moja la nyasi kwa kila boma, nyasi zinazoisha kwa siku moja na hazimwokoi mnyama yeyote. Inaweza kulisha mbuzi wawili au ng'ombe mmoja wa maziwa kwa kila nyumba yenye watoto wadogo. Orodha ya nyumba hizo ipo kwa wahudumu wa afya ya jamii, ambao ndio wanaopima mikono ya watoto. Idara ya mifugo na idara ya afya zikikaa meza moja Juni, zitakuwa na mpango Julai. Kwa sasa kila moja ina bajeti yake, magari yake na semina zake, na mtoto yuko katikati.

Nyasi hizo zitoke wapi? Tukizinunua katikati ya ukame kutoka Laikipia au Nakuru, usafiri unakula fedha nyingi, na bei inakuwa imekwisha kupanda kwa sababu kila kaunti inanunua siku ileile. Lakini tunayo mito. Tana inapita Garissa na Tana River, Daua iko Mandera, Turkwel iko Turkana, na kando yake kuna mashamba ya umwagiliaji ambayo vikundi vya akina mama na vijana vimekwisha kuonyesha kuwa yanaweza kuotesha nyasi za kuvuna. Wanachohitaji ni mnunuzi wa uhakika. Kaunti ikitia saini mkataba wa kununua marobota baada ya kila mavuno na kuyahifadhi katika maghala ya wadi, mkulima atapanda. Mvua ikinyesha vizuri na nyasi zisihitajike, robota lililowekwa pakavu linasubiri. Upo pia mmea wa mathenge, ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia ardhi isigeuke jangwa, ambao sasa umeziba malisho ya Tana River, Garissa na Turkana. Maganda yake yakiliwa mazima huharibu meno ya mbuzi, na kila mfugaji wa Baringo atawaambia hivyo. Yakisagwa yanakuwa chakula chenye nguvu kikichanganywa na majani. Mashine ya kusaga maganda katika wadi iliyovamiwa na mathenge ni matumizi bora ya fedha kuliko mambo mengi ninayoyaona yakizinduliwa kwa utepe.

Nazungumzia sasa visima, na hapa najua wengine mtakasirika. Kisima kipya ndiyo zawadi inayopendwa zaidi katika siasa za kaunti kame. Kinaonekana, kinapigwa picha, kina jina la aliyekileta. Katika ukame, visima huchimbwa kwa haraka popote penye majani, na majani mwishoni mwa ukame yanabaki mahali pamoja tu: katika malisho ambayo wazee walikuwa wameyafunga kwa makusudi, na ambayo yalibaki kwa sababu hayakuwa na maji. Kisima kikichimbwa pale, makundi yanahamia na kukaa. Maduka mawili yanafuata, kisha shule, kisha kituo cha kupigia kura. Baada ya miaka michache akiba imekwisha kuliwa, na ukame unaofuata haukuti mahali pa kukimbilia. Umbali wa maji na malisho ulikuwa ndio kufuli ya ghala.

Watu wanaojua kushika kufuli hiyo wapo. Kule Kinna, Garbatulla na Merti katika kaunti ya Isiolo, Waborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yatumike mvua zinaponyesha, yapi yangoje kiangazi, na yapi yasiguswe hadi mwaka mgumu. Wageni wanaotaka kulisha hutuma ujumbe, wakapokewa na kupangiwa, au wakaombwa wangoje. Kwenye visima vya asili, aba herega hupanga zamu za kunywesha, na neno lake linatiiwa. Wamaasai nao wametenga olopololi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu tangu zamani. Mipango ya namna hii imedhoofishwa na mipaka ya kiutawala, na bunduki, na visima vya kiholela, na maamuzi ya ofisini yaliyopita juu ya vichwa vya wazee. Bado ipo, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatoa njia ya kuipa nguvu za kisheria. Kusajili ardhi za jamii kumekwenda polepole mno katika kaunti zenu, na kila mwaka unaopita bila usajili ni mwaka ambao malisho ya akiba yanaweza kupotea kwa barabara, mradi au kijiji kipya.

Isiolo iliwahi kuonyesha njia kuhusu fedha pia. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ulianza kujaribiwa huko, ambapo kamati za wadi zilizochaguliwa na wananchi wenyewe ziliamua zitumie fedha kwa kazi gani. Maombi mengi hayakuwa ya visima vipya. Watu walitaka kutengeneza mabwawa ya zamani, kulinda vyanzo vya maji, na kuwawezesha wazee wa dedha kukutana na kuzungukia malisho. Wajir, Garissa, Kitui na Makueni ziliufuata mfano huo, na leo mpango wa kitaifa wa fedha za tabianchi, FLLoCA, unapeleka fedha kwenye kaunti kwa msingi huohuo wa kamati za wadi. Kamati hizo ziko katika kaunti zenu. Zipewe pia sauti juu ya fedha za ukame, hasa neno la mwisho kuhusu mahali kisima kinapochimbwa na siku ambazo pampu yake inafungwa.

Kuhusu bima na fedha za moja kwa moja nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mifumo yake imekwisha kujengwa. Bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti ilianzia Marsabit mwaka 2010, na serikali ya kitaifa ikaanza kuwalipia baadhi ya wafugaji mwaka 2015, kwanza Turkana na Wajir. Jambo jema zaidi lililofanywa tangu hapo ni kubadili wakati wa malipo: badala ya kulipa mnyama akishakufa, bima inalipa nyasi zikipungua, ili mfugaji anunue majani na dawa akiwa bado na cha kuokoa. Wengi hawajaielewa, na wengine waliingia msimu mmoja wakaondoka walipoona mvua imewapita na setilaiti ikasema majani yapo. Wanahitaji mtu wa karibu, anayezungumza lugha yao, wa kuwaeleza na kupokea malalamiko. Mpango wa serikali wa kukinga njaa, HSNP, nao ulianza kwa kuwatumia fedha watu maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na umejengwa kuweza kuongeza walengwa hali ya mimea inapoharibika. Kaunti inaweza kuongeza chake juu ya mfumo huo bila kuandikisha watu upya. Na basari zenu za karo, waheshimiwa: zikitoka mwanzoni mwa Januari, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, zinamwokoa mbuzi wa maziwa ambaye angeuzwa katikati ya kiangazi ili mtoto abaki shuleni. Sijaona mpango wowote wa ukame unaoitaja basari, na ingekuwa kazi ya kubadilisha tarehe tu.

Kuhama ni jambo ambalo hakuna kaunti moja inayoweza kulipanga peke yake. Mvua za nyanda kame hunyesha kwa madoa: Laisamis pakavu, Samburu pana kijani, mwaka unaofuata mambo yanageuka. Aliyehama kwa mapatano huokoa kundi, na aliyehama bila mapatano hukutana na risasi. Septemba 2019 kule Moroto, Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano kuhusu wafugaji wa Turkana na Pokot wanaovuka kwenda Karamoja. Ikiwa mataifa mawili yaliweza kuketi na kukubaliana, Isiolo na Garissa zinaweza, Samburu na Marsabit zinaweza. Mapatano hayo yafanywe na wazee wa pande zote katika msimu wa mvua, wakati hakuna aliye na kiu. Yataje njia, mahali pa kunywesha, kituo cha chanjo kabla ya kuvuka, na nani apigiwe simu iwapo mtu atauawa au mifugo itaibwa, ili kosa la mtu mmoja lisigeuke vita vya makabila mawili. Gharama ya mikutano hiyo ni mafuta ya gari, chakula na posho ndogo. Ipo katika uwezo wa kaunti iliyo maskini kuliko zote.

Mtauliza, na mna haki: itakuwaje tukitoa fedha Julai, kisha vuli ikaja nzuri? Wanyama watakuwa wamechanjwa. Nyasi zitakuwa ghalani. Wanunuzi watakuwa wamezoea njia ya kuja kwenye masoko yenu, na watoto watakuwa wamekunywa maziwa miezi mitatu zaidi. Sioni hasara ya kumficha mkaguzi hapo. Vuli ya 2023 ilitufundisha pia kwamba mvua yenyewe si mwisho wa shida. Mafuriko ya El Niño yaliwakuta wafugaji wa Mandera, Wajir, Garissa na Tana River na wanyama waliokuwa hawajarudisha nguvu, na wengi waliosalimika na ukame walichukuliwa na maji au kufa kwa baridi na magonjwa. Hatua ya kupona iwekewe fedha zake, maana huo ndio wakati familia inajaribu kusimama tena.

Ninachoomba kinaweza kuanza katika mzunguko ujao wa bajeti. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Katika waraka huo iandikwe hazina ya ukame na asilimia yake ya mapato. Iandikwe kwamba NDMA ikiiweka kaunti katika hatua ya tahadhari, awamu ya kwanza ya fedha itatoka ndani ya siku 14 bila kikao kingine cha idhini, na kwamba sehemu yake kubwa ni ya lishe ya wanyama wa maziwa, chanjo na usafiri wa kwenda sokoni. Serikali ya kitaifa ikichelewesha mgao, hazina hiyo iwe na akiba ya mwaka uliotangulia ya kuanzia. Kila baada ya miezi mitatu itolewe hesabu ya wadi kwa wadi: marobota mangapi, nani aliyapokea, lori la nani lililipwa. Wawakilishi wadi, hii ni kazi yenu, na msikubali kuipitisha bajeti isiyo na kifungu hicho hata mkiahidiwa mradi mwingine.

Naomba pia majibu ya kila gavana yatolewe kwa maandishi kabla ya Aprili, yasomwe kwenye redio za kwetu kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu, Kirendille na Kiorma, na nakala ibandikwe katika ofisi ya kila msimamizi wa wadi.

Wenu kwa heshima,

Mwandishi, mzaliwa wa jamii ya wafugaji
Isiolo